Madema Niliyoyaziba kwa Wema

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya wageni, nimevaa kofia ya majani, najifanya mtalii. Kwa aliyechelewa kuanza nami, nitarudia kidogo.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Nina mjukuu niliyemlea tangu ana miezi saba. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Siku moja akaja na habari kwamba anaposwa na mvuvi. Mvuvi wa madema! Nikamwambia, sikukulea wewe ukaolewe na mtu anayekaa kungoja samaki wajisikie kuingia mtegoni. Mwanamume asiye na kazi ya uhakika haingii kwangu.

"Bibi, njoo umwone kwanza," akaniambia.

"Siendi," nikamjibu.

Halafu nikaenda. Kwa siri. Nilimdanganya Sindano kwamba nakwenda kumuuguza dada yangu mguu, nikapanda basi la kwenda kwenye ule mji mdogo wa wavuvi. Mwenye nyumba ya wageni nilimwambia mimi ni msafiri tu, nimekuja kupumzisha magoti kwa upepo wa bahari.

Na yule mwanamume aliyenipokea begi kituoni, akalibeba hadi mlangoni bila kusema neno, akakimbia hata kabla sijamshukuru, kumbe ndiye mwenyewe. Wanamwita Kimya.

Sasa sikilizeni nilivyomtenda.

Siku mbili za kwanza nilifanya utalii kwa bidii. Nilitembea ufukweni na kofia yangu. Nilipiga picha za mashua kwa simu, zote zikatoka kidole gumba changu. Nilivuta upepo nikasema "Aaa!" kwa sauti, ili watu wajue nimepumzika.

Kila nilipomwona Kimya anatengeneza kamba zake, nilijisogeza karibu kama mtu anayeshangaa bahari.

"Kijana, unapenda kula nini?"

"Chochote, bibi."

"Umewahi kupigana?"

"Hapana, bibi."

"Unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?"

"Mbili."

"Na kwenu hakuna ugonjwa wa ukoo?"

Hapo alifikiri kidogo. "Mjomba anakoroma."

Nikaondoka nimeridhika kabisa kwamba hajanishtukia. Chumbani nikatoa kidaftari changu. Upande wa kumkataa nikaandika: haongei. Upande wa kumkubali nikaandika: haongei. Nikakifunga.

Mwenye nyumba ya wageni wanamwita Mama Funguo, kwa sababu funguo alizoning'iniza kiunoni ni nyingi kuliko milango aliyonayo. Ni mama wa makamo, mcheshi, hawezi kupita bila kukutania. Siku ya pili nilipoingia bafuni nilikuta kigoda. Jana yake hakikuwepo. Hakuwa ameniuliza habari za magoti yangu wala hakusema lolote. Aliniona tu nilivyoshika ukuta wakati nainama.

Mambo kama hayo hunikaa rohoni. Nilikaa juu ya kile kigoda, kopo la maji mkononi, nikawaza: huyu mtu nitamfanyia nini na mimi?

Jumatano asubuhi Mama Funguo akaenda sokoni. Nikatoka uani kuanika taulo, na hapo ndipo niliyaona. Madema kumi na mawili, yamelazwa ubavu juani, yamenigeuzia kalio.

Dema, kwa asiyelijua, ni mtego wa samaki uliosukwa kwa fito nyembamba, mkubwa kama meza ya kulia ya watu wanne. Samaki anafuata chambo, anaingia kwa mdomo mpana unaokwenda ukipungua, na akishafika ndani haoni tena njia aliyoingilia. Linafungwa mawe, linazamishwa chini baharini, baada ya siku mbili linavutwa.

Niliyatazama kwa macho ya fundi. Yamesukwa vizuri. Ila kila moja lilikuwa na tundu kwa chini, pembeni, la kupitisha vidole viwili vitatu.

Masikini Mama Funguo, nikasema. Mitego yake yote imetoboka na hana wa kumzibia!

Nilipaswa kujiuliza. Kitu hakitoboki chenyewe mara kumi na mbili mahali palepale. Lakini mimi nikiona tundu, mkono unatangulia, kichwa kinafuata baadaye kikihema.

Kwenye begi langu hakukosekani sindano ya magunia na uzi wa nailoni, wa buluu, niliokwisha kuupaka nta. Nikavuta kiti. Nikaanza na la kwanza. Nilisuka uzi ndani ya fito, kwenda na kurudi, nikakaza kwa fundo langu la mara mbili, lile ambalo hata ng'ombe akivuta halifunguki. Nikaingia la pili. Hadi adhuhuri nilikuwa nimeyamaliza yote, vidole vinawaka moto, na moyoni naimba.

Mama Funguo aliporudi sikumwambia kitu. Nilifundishwa kwamba wema hautangazwi. Nilikaa tu kwenye kiti changu cha plastiki, natabasamu peke yangu.

"Mama, leo umependeza, umepata mchumba ufukweni?" akaniuliza.

"Yule muuza barafu ananiangalia sana," nikamjibu.

"Muuza barafu ana kengeza, mama. Anaangalia kila mtu."

Tukacheka. Jioni yake nikamshonea na pazia la chumba namba tatu, lililokuwa limechanika upindo. Nilikuwa nimewasha moto wa kushona, siwezi kuuzima.

Alhamisi akaja shemeji yake Kimya na mkokoteni, anayachukua yale madema anayapanga moja juu ya jingine. Maji ya bahari yanatoka, ana haraka. Hapo ndipo nilipojua kwamba si ya Mama Funguo, ni ya Kimya, uani pale huwekwa tu.

Sikujali. Nikasema, basi na yeye nimemsaidia, ingawa sijamkubali.

Mtaniuliza, Kimya mwenyewe hakuona? Hakuona. Dema likisimama, tundu lile liko chini, nyuma. Na lile tundu alilikata kwa mkono wake mwenyewe. Angelikagua kwa nini?

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilikuwa ufukweni na Mama Funguo kuangalia mashua zikiingia. Bwana samaki, yaani yule ofisa wa uvuvi, alikuwepo na daftari lake. Kijana nadhifu, ila kola ya shati lake ilishonwa upande mmoja juu, mwingine chini. Nilijizuia nisimvue.

Mashua ya Kimya ikafika. Watu wakasogea. Nilisikia kwamba samaki wake huwa wachache lakini wakubwa, na kina mama humgombania.

Wakainua dema la kwanza, wakalimimina kwenye beseni.

Walitoka samaki wa ukubwa wa kidole changu cha mwisho. Wengi! Wanametameta kama vifungo. Wakamimina la pili, vilevile. La tatu.

Watu wote wakainamia beseni. Kisha mwanamke mmoja akasema, "Hawa si samaki. Hawa ni watoto wa chekechea."

"Kimya! Umewavua na nepi zao!"

"Mama zao wako wapi? Wapigieni simu waje wawachukue!"

Vicheko vikapaa. Lakini mzee mmoja mwenye shati la mistari hakucheka. Akapasua watu, akamsimamia Kimya usoni.

"Si wewe uliyekuja kwangu mara tatu? Ukakaa kwenye kiti changu, ukanywa chai yangu, ukawa unaniangalia tu mpaka nikachoka nikatoboa madema yangu yote? Leo wewe unaziba!"

Kimya alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, anatazama beseni kama mtu aliyekuta nyumba yake imehama.

Bwana samaki akapindua dema moja. Akapitisha kidole juu ya uzi wa buluu. Akajaribu kuufungua, akashindwa.

"Kazi hii imefanywa kwa ustadi," akasema. "Aliyeziba alidhamiria."

Nitakiri, kwa kuwa nimeahidi kuwaambia ukweli: kwa sekunde moja nilifurahi kusifiwa.

Halafu nikamvuta Mama Funguo mkono. "Mwanangu, kwani lile tundu ni la nini?"

"La kutokea samaki wadogo, mama. Tulikubaliana hapa mwaka juzi, maana samaki walikuwa wanaisha. Kila dema liwe na kidirisha, wadogo watoke wakakue. Kimya ndiye aliyetuzungukia nyumba kwa nyumba."

"Na mtu akiziba?"

"Madema yanachomwa moto. Na leseni inafutwa mwaka mzima."

Roho ikaniruka. Nilishika mkoba wangu, na ndani ya mkoba nikaisikia sindano.

Saa nne tulikuwa wote ndani ya banda la mizani, lile la mabati, kamati ya wavuvi imekaa mbele kwenye benchi. Mwenyekiti wao ni mama mmoja wa rika langu, mkausha samaki, mikono yake imekakamaa kwa chumvi. Wanamwita Mama Chumvi. Bwana samaki alikaa kwenye kimeza pembeni, daftari wazi, kalamu tayari.

"Kimya," akasema Mama Chumvi. "Sisi tunakujua. Tuambie, nani kaziba?"

"Madema ni yangu."

"Tunajua ni yako, baba. Tunauliza nani kaziba."

"Ni yangu," akarudia.

"Shemeji yako?"

"Hapana."

"Una adui?"

Akatikisa kichwa. Na katika kutikisa kile kichwa, macho yake yakapita kwangu, yakasimama kitambo kidogo tu, yakaondoka. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayekuambia usijali, kaa tu.

Mama Funguo akanisogelea sikioni. "Mama. Pazia la chumba namba tatu umelishona kwa uzi gani?"

"Wa buluu," nikanong'ona.

"Mama!"

"Nilidhani ni yako. Nilitaka kukushukuru kwa kigoda."

Alifumba macho. Sijui kama alikuwa anasali au anajizuia kucheka. "Basi na yeye anajua," akasema. "Ule uzi kauona, na wewe ndiye fundi peke yako hapa. Anakuficha."

"Anifiche kwa nini? Mimi ni mtalii tu."

Mama Funguo akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejificha nyuma ya mlango na miguu iko nje.

"Mama yangu. Picha yako iko kwenye simu yake, wewe na mjukuu wako mmekaa kwenye cherehani. Tangu unashuka kwenye basi alikujua. Unadhani huku watu hubebewa mabegi ovyo?"

Nikahisi masikio yananichoma.

"Wewe nawe ulijua?"

"Mji mzima unajua, mama. Muuza barafu anajua. Alituomba tusikuseme, eti umekuja kwa raha zako, tusikuharibie. Mtalii gani anamuuliza mvuvi kama anapiga mswaki?"

Jamani, nimeona aibu nyingi. Niliwahi kumpelekea bibi harusi gauni la mwenzake. Lakini aibu ya siku ile ilikuwa na ukubwa wake. Siku tano nimezunguka na kofia, na mji mzima ulikuwa unanitunzia siri yangu kama unavyomtunzia mgonjwa.

Mbele, Mama Chumvi akashusha pumzi. "Kimya, usiposema, hatuna njia. Bwana samaki, andika."

Bwana samaki akainamisha kalamu.

Nimeshona nguo za maharusi miaka arobaini. Nimewaona wanaume wa kila aina wakija kupimwa suti, wakijisifu hadi futi yangu inaona haya. Huyu alikuwa anatoa kazi yake, jina lake na mke aliyemtaka, kwa ajili ya bibi mwongo aliyemharibia. Na alikuwa anavitoa bila hata kukohoa.

Nikasimama.

Magoti yakakataa. Kabla sijaanguka, yule yule mzee wa shati la mistari, aliyekuwa anafoka ufukweni, akanishika kiwiko akanisimamisha sawasawa, kisha akaendelea kukunja uso.

"Mwenyekiti," nikasema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini, dada?"

"Niliyeziba. Yote kumi na mawili. Nilidhani yametoboka."

Banda zima liligeuka kunitazama. Halafu kukatokea mlipuko wa kicheko, mabati yakatetemeka. Mtu akasema, "Mtalii wetu!" Mwingine akasema, "Bibi, na mimi nina soksi zimetoboka!"

Nikafungua mkoba, nikatoa sindano ya magunia na kibonge cha uzi wa buluu, nikaviweka mezani kwa bwana samaki. Akalinganisha uzi. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikadhani yameisha. Kumbe!

"Bibi, nakuamini," akasema bwana samaki. "Lakini siwezi kukuandika."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akamtazama Mama Chumvi amsaidie. Mama Chumvi akakuna shavu.

"Dada, ni sheria tuliyojiwekea wenyewe," akasema. "Zamani mtu akikamatwa, alikuwa analeta mpita njia mmoja, anasema mimi ndiye nilikosea. Tunamkemea, tunamwonya, kesho kapanda basi kaenda zake. Walitubebea makosa wasafiri mpaka tukachoka. Sasa neno la mgeni halipokelewi kwenye banda hili. Linapokelewa la ndugu wa mvuvi tu, mtu atakayebaki kujibu pamoja naye."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunakuuliza wewe ni nani wake."

Bwana samaki akageuza daftari, akanionyesha mstari. Jina. Uhusiano. Sahihi.

"Ukiwa mtalii," akasema taratibu, kwa adabu, "nitaandika kwamba mwenye kosa ni yeye. Ukiwa ndugu, niambie ndugu wa namna gani."

Sasa hebu jiwekeni mahali pangu. Nimetoka kwetu kumkataa mtu. Kidaftari changu kimo kwenye mkoba, hukumu haijaandikwa. Na hapa watu arobaini wananitazama, na mmoja tu hanitazami, anatazama vidole vya miguu yake ili asinilazimishe.

Nilimwangalia Kimya. Nikaangalia ule mstari.

"Ni mkwe wangu," nikasema. "Anamuoa mjukuu wangu. Andika."

Mama Funguo alipiga kigelegele, funguo zote zikalia. Mzee wa shati la mistari akakunjua uso kwa mara ya kwanza. Mama Chumvi akagonga benchi.

"Imepokelewa! Kimya atabaki na leseni yake. Na huyu mkwewe atayafungua mafundo yote kumi na mawili kwa mkono wake, hapa mbele yetu, na asipewe kisu!"

"Mafundo yangu hayafunguki," nikasema.

"Ndiyo raha yake, dada!"

Kimya akaja mbele yangu. Alitaka kusema kitu, nikaona kinapanda kooni, kinashuka. Mwishowe akainama akaokota mkoba wangu ulioanguka, akaufuta vumbi kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Na mimi nikaelewa kila neno.

Bwana samaki akawa anaandika. "Jina la mjukuu?"

Hapo mlangoni sauti ikasema, "Bibi?"

Naijua sauti ile kuliko yangu. Nikageuka.

Sindano amesimama mlangoni, mkoba begani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

"Bibi, si uko kwa dada yako, unamuuguza mguu?"

"Umepona," nikasema. Jibu gani lingine lilikuwepo?

Akaniangalia, akaiangalia kofia. Akaangalia watu. Akamwangalia Kimya, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukipenda. Ulijifunga.

"Mwanangu, umefika wakati mzuri!" nikamkimbilia, kama magoti yangu yanavyoweza kukimbia. "Nimemwona. Nimemkubali. Nimekwisha kusema mbele ya kamati nzima kwamba ni mkwe wetu, na inaandikwa."

"Nini?"

"Anamuoa nani tena? Wewe!"

Sindano akashusha mkoba chini polepole.

"Bibi, mimi nimekuja kumwambia hapana."

Vigelegele vya Mama Funguo vilikatikia hewani.

"Hapana ya nini?"

"Hapana ya kuolewa. Nimepanda basi alfajiri kwa sababu jambo kama hili halisemwi kwa simu." Akajifuta vumbi usoni. "Miezi mitatu unaniambia mvuvi hana uhakika, mvuvi hana uhakika. Unalia mezani, chai yako inapoa. Nikasema, huyu ndiye aliyenilea, hana mwingine. Acha safari hii nimsikilize."

Miaka ishirini na minne nimemlea mtoto yule. Nikimwambia vaa sweta, havai. Nikimwambia punguza ulimi, anauongeza. Hajawahi kunisikiliza hata siku moja. Akachagua siku hiyo!

"Lakini mimi nimebadilisha mawazo," nikasema kwa unyonge.

"Na mimi moyo wangu ni upindo wa gauni, bibi? Unashusha, unapandisha, unavyotaka wewe?"

Hakuna aliyecheka. Kimya alikuwa amesimama palepale, mikono imelegea, kama mtu aliyepokea kitu na kunyang'anywa kabla hajakitazama.

Bwana samaki akakohoa. Kalamu yake ilikuwa imesimama katikati ya mstari.

"Samahanini," akasema. "Kama hakuna ndoa, hakuna ukwe. Kama hakuna ukwe, neno la bibi ni la mpita njia, na leseni..." Akamtazama Mama Chumvi. "Mwenyekiti, niandike au nifute?"

"Leseni gani?" akauliza Sindano.

Wote wakamtazama mwenyekiti. Ikabidi Mama Chumvi amweleze, na alimweleza yote: kidirisha, uzi wa buluu, samaki wa chekechea, na Kimya alivyoulizwa mara tatu akakataa kunitaja. Sindano alisikiliza bila kupepesa. Akaenda hadi kwenye kimeza, akakishika kile kibonge cha uzi, akakigeuza mkononi.

Kisha akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Naomba wote mtoke."

"Binti, hili ni banda la kamati," akasema mzee wa shati la mistari.

"Najua, babu. Naomba na kamati itoke. Nataka kuzungumza na huyu mtu peke yetu."

Wallahi tulitoka. Kamati ilitoka, benchi wakaliacha. Mama Chumvi mwenyewe alinishika mkono kuteremka ngazi, akaniambia, "Dada, huyu umemlea kwa mboga gani?" Mlango wa bati ukafungwa nyuma yetu, komeo likasikika.

Tukabaki mchangani, mji mzima na mimi. Mama Funguo akanivua kofia yangu akanikunjia kanga kichwani, kwa sababu jua lilikuwa kali na ile kofia haikuwa na kazi tena.

Hatukusikia neno. Tulisikia viatu vya Sindano, vinakwenda, vinarudi. Halafu tukasikia sauti moja fupi, ya kwake.

"Analia au anacheka?" Mama Funguo akaniuliza.

"Sijui."

"Wewe si bibi yake?"

"Leo sijui, mwanangu. Leo sijui kitu."

Bwana samaki alikuwa anajipapasa mifuko, kifuani, nyuma. Uso ukambadilika.

"Daftari langu," akasema. "Nimeliacha wazi mezani. Na kalamu."

Akakimbilia mlangoni, akachutama, akaweka jicho kwenye tundu la msumari. Watu wote tukajikusanya mgongoni kwake, tunasukumana kama kuku penye pumba.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Kimya kakaa kwenye mizani, kainamisha kichwa."

"Na Sindano?"

"Yuko mezani. Ameshika kalamu yangu."

Nikamshika bega, ile kola yake mbovu ikabaki mkononi mwangu. "Anaandika au anafuta?"

"Sioni, bibi," akasema. "Kanipa mgongo."